Wakili wa Mtoto Mbele ya Hakimu: Jinsi Mashauri ya Matunzo na Ulinzi Yanavyoendeshwa

(Mada iliyoandaliwa kusomwa katika mikutano ya wananchi ya kata. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Neno "wakili" likitajwa vijijini na mitaani, fikra za wengi huenda kwenye mgogoro wa ardhi, mirathi, au ndugu aliyekamatwa na polisi. Ni wachache wanaofahamu kwamba wapo mawakili wanaotetea watoto ambao hawajatenda kosa lolote, hawadai mali, na mara nyingi hawaelewi kwa nini wamefikishwa mahakamani. Mtoto wa aina hiyo huletwa mbele ya hakimu kwa sababu moja tu: Serikali inadai kwamba nyumbani kwake hayuko salama.

Mashauri haya yasichanganywe na yale ya wazazi wanaoachana. Katika shauri la talaka, baba na mama hugombea nani akae na mtoto, na Serikali hukaa pembeni. Katika shauri la matunzo na ulinzi, Serikali yenyewe, kupitia Afisa Ustawi wa Jamii, ndiyo mwombaji. Mzazi yuko upande wa pili, na mtoto yuko katikati. Uwezo wa Dola wa kumtoa mtoto mikononi mwa mzazi wake ni mzito kuliko hata ule wa kutwaa shamba lake. Kwa hiyo sheria haikumwachia ofisa yeyote autumie peke yake hadi mwisho. Mahakama ndiyo inayoamua, na haiamui kabla upande mwingine haujasikilizwa.

Kwa Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Sura ya 13. (Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2011.) Sheria hiyo ilikuja baada ya nchi kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Inamtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18, na inaagiza kwamba katika jambo lolote linalomhusu, maslahi yake ndiyo yazingatiwe kwanza.

Kifungu cha 16 kinataja hali zinazomfanya mtoto ahesabiwe kuwa anahitaji matunzo na ulinzi. Wamo yatima na waliotelekezwa na ndugu, wanaotendewa vibaya au kupuuzwa na walezi wao, wanaoombaomba barabarani, wasio na makazi, na wale ambao ulevi au uhalifu wa mzazi umemfanya asifae kuwalea. Orodha ni ndefu, lakini ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Sheria inataja mtoto anayeishi au kuandamana na watu wanaojulikana kwa ukahaba, kisha inaongeza kwamba ikiwa mtu huyo ni mama yake mzazi peke yake, na ikathibitika kuwa anamtunza mwanawe ipasavyo na kumkinga na maovu, basi mtoto huyo hahesabiwi katika kundi hilo. Kwa maneno mengine, jina baya la mama mtaani si ushahidi. Kinachopimwa ni malezi. Ni vema majirani wenye haraka ya kutoa hukumu wakalisoma fungu hilo mara mbili.

Mahakama inaweza kutoa amri za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Amri ya usimamizi humwacha mtoto akae kwao, huku Afisa Ustawi wa Jamii akimtembelea na kufuatilia malezi. Muda wake hauzidi mwaka mmoja. Amri ya matunzo humwondoa mtoto katika mazingira yanayomdhuru au yanayoelekea kumdhuru, na mamlaka ya malezi huhamia kwa Ustawi wa Jamii. Muda wake hauzidi miaka mitatu, au hadi mtoto atimize miaka 18, lolote litakalotangulia. Hata amri hii ya pili haina maana kwamba mtoto lazima apelekwe kwenye makao ya watoto. Anaweza kuwekwa kwa mlezi wa kuaminika aliyeidhinishwa, au kwa ndugu, shangazi au bibi. Wananchi wanaoamini kwamba "Serikali ikimchukua mtoto hamwoni tena" wamelishwa uvumi. Amri ina mwisho, inaweza kubadilishwa au kufutwa, na mzazi ana haki ya kuiomba mahakama ifanye hivyo.

Kazi ya wakili katika mashauri haya huanzia kwenye jalada. Humo hukuta taarifa ya uchunguzi iliyoandikwa na Afisa Ustawi wa Jamii, pengine fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, yenye maelezo ya daktari, barua ya Mtendaji wa Kijiji, kadi ya kliniki, na wakati mwingine nakala ya daftari la mahudhurio shuleni. Wakili makini hasomi karatasi hizo ili akubali au akatae yaliyoandikwa. Huzisoma akiwa na maswali matatu: nani aliona, lini, na wapi? Taarifa ikisema "inasemekana mtoto hupigwa mara kwa mara", wakili huuliza inasemekana na nani. Ikisema "mwalimu wa darasa alimwona na alama mgongoni siku ya Jumatatu baada ya mapumziko", hapo pana jambo la kushika. Mwalimu huyo anaweza kuitwa, akaulizwa, na maelezo yake yakalinganishwa na ya daktari.

Kipimo cha ushahidi nacho si kile cha kesi ya jinai. Ili mtu afungwe, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya msingi. Katika shauri la matunzo hakuna anayefungwa. Hakimu hupima upande upi una uzito zaidi kwenye mizani. Ndiyo maana inawezekana baba akaachiwa huru katika kesi ya shambulio, na bado mahakama ikaona si salama mtoto arudi kwake. Wananchi huliona jambo hilo kama ukinzani, lakini maswali mawili tofauti yameulizwa, na kila moja limepata jibu lake.

Baada ya jalada huja mazungumzo na mtoto mwenyewe, na hapa ndipo ugumu wa kazi ulipo. Wakili wa mtoto hamhoji mbele ya mama, baba au ofisa aliyemleta. Humtafutia mahali anapoweza kusema bila kuangalia mlango. Humweleza yeye ni nani, na kwamba si polisi, si mwalimu, wala si mtu wa kuja kumchukua. Kuna ahadi moja ambayo hapaswi kuitoa, nayo ni kwamba mtoto atapata anachokitaka. Mtoto aliyekwisha kudanganywa na watu wazima wa nyumbani hana haja ya kudanganywa tena na mtu mzima wa mahakamani.

Mfano ufuatao si shauri la mtu yeyote. Umetungwa ili kuonyesha hatua. Chukueni binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Mama yao amefariki. Baba ni kibarua, hutoka nyumbani siku tatu au nne, na akirudi huwa amelewa. Jirani ndiye anayewapa uji. Binti ameacha shule tangu mwezi wa pili kwa sababu hana wa kumwachia mdogo wake. Afisa Ustawi wa Jamii anaomba amri ya matunzo, na anapendekeza binti aende kwenye makao ya watoto yaliyo mjini, na mdogo wake apelekwe kwenye makao mengine yanayopokea watoto wadogo.

Wakili wa binti anamuuliza angependa nini. Binti anajibu bila kusita: anataka kurudi kwa baba. Wakili mvivu angeandika jibu hilo na kuondoka. Mwingine, aliye mvivu kwa namna yake, angesema mtoto hajui linalomfaa, akaendelea na pendekezo la Halmashauri. Wakili anayeijua kazi yake anauliza tena, taratibu: kwa baba kuna nini ambacho hutaki kukikosa? Ndipo inapobainika kwamba binti hazungumzii nyumba wala baba. Anamzungumzia mdogo wake. Amesikia kwamba watatenganishwa, na kurudi kwa baba ndiyo njia pekee anayoijua ya kubaki naye.

Jibu hilo linabadilisha shauri zima. Wakili anairudia taarifa ya uchunguzi na kuona kwamba bibi mzaa mama, anayeishi kata ya jirani, hakutembelewa. Ameandikwa kwa mstari mmoja tu: "mzee, hana uwezo". Wakili anaiomba mahakama iagize bibi huyo atembelewe kabla uamuzi haujatolewa. Inawezekana kweli hana uwezo. Inawezekana pia ana nyumba, ana mbuzi wawili, ana mtoto wa kiume anayemsaidia, na kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza.

Panapotokea mgongano kati ya matakwa ya mtoto na usalama wake, wakili hayafichi maneno ya mtoto. Huyafikisha kwa hakimu kama yalivyosemwa, na hakimu huyapima kulingana na umri na upeo wa mtoto. Kusikilizwa ni haki ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto. Kukubaliwa kila anachotaka si haki ya mtoto wala ya mtu mzima.

Mahakama ya Watoto yenyewe haifanani na ile inayoonekana katika sinema. Jaji Mkuu ana uwezo wa kuteua majengo ya Mahakama ya Mwanzo yatumike kwa kazi hiyo, na anayesikiliza ni Hakimu Mkazi. Jijini Dar es Salaam, Mahakama ya Watoto ipo Kisutu. Shauri husikilizwa faraghani. Watu wa kawaida hawaruhusiwi kuingia kusikiliza, na jina la mtoto halitangazwi. Kwa sababu hiyo, jarida hili halichapishi habari za shauri lolote la mtoto wa wilaya hii, hata pale ambapo wasomaji wangependa kujua limeishaje. Mwenendo wake unatakiwa kuwa mwepesi iwezekanavyo, kwa njia ya kuuliza na kuelewa badala ya mapambano ya mawakili. Afisa Ustawi wa Jamii lazima awepo, na mtoto ana haki ya kuwakilishwa na wakili na kuwa na ndugu yake karibu. Haki ya kukata rufaa hutakiwa kuelezwa kwa mtoto mwenyewe.

Mtoto akilazimika kutoa ushahidi, sheria ya ushahidi ilirekebishwa mwaka 2016 ili mtoto wa umri usiozidi miaka 14 aweze kusema bila kula kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Tangu mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, hivyo bibi kizee aliyekuja kuomba kulea wajukuu wake hana sababu ya kukaa kimya eti kwa kuwa hakusoma.

Lipo jambo linalosumbua mashauri haya kila mahali, nalo ni muda. Shahidi hakufika, jalada halikuonekana, hakimu yuko safarini: shauri linaahirishwa mwezi hadi mwezi. Kwa mtu mzima mwenye kesi ya mpaka wa shamba, mwaka ni mwaka. Kwa mtoto wa miaka minne, mwaka ni robo ya maisha yake yote, na katika robo hiyo atajifunza kumwita mama mtu ambaye pengine ataondolewa kwake. Uingereza, ambako sheria za Tanzania zimechota mengi, iliweka mwaka 2014 ukomo wa wiki 26 kwa mashauri ya aina hii yanayofunguliwa chini ya Sheria yake ya Watoto ya mwaka 1989. Huko, mtoto huhesabiwa kuwa mdaawa kamili, huteuliwa mlezi wa kumsemea mahakamani, na hupewa wakili wake. Wapo pia mawakili ambao karibu kazi yao yote ni kusimama mbele ya majaji katika mashauri ya Serikali za Mitaa na wazazi, huku wenzao wakiandaa majalada ofisini. Tanzania Bara haina mgawanyo huo. Wakili yuleyule aliyeandika hati ya kiapo jana usiku ndiye anayesimama asubuhi. Hata huko Uingereza wiki 26 hupitilizwa mara nyingi, lakini kuwapo kwa hesabu humlazimu kila mmoja kueleza kwa nini amechelewa.

Inafaa kusema neno kuhusu wakili wa mzazi, maana wananchi humwona kama mtu aliyelipwa kutetea uovu. Si hivyo. Taarifa ya ofisa huandikwa na binadamu mwenye vijiji vingi vya kuhudumia na mara nyingi bila usafiri. Anaweza kukosea tarehe. Anaweza kumwamini jirani mwenye ugomvi wa muda mrefu na mama wa mtoto. Anaweza kuchukua umaskini akauita kupuuza. Mama anayelisha wanawe mlo mmoja kwa siku kwa sababu hana kitu hafanani na baba mwenye kipato anayewanyima chakula, na sheria inalenga hasa yule anayeweza kutunza lakini anakataa au anapuuza. Wakili wa mzazi ndiye anayelazimisha tofauti hiyo ionekane. Halmashauri ikishindwa katika shauri kwa sababu ushahidi wake ulikuwa dhaifu, mahakama imefanya kazi yake, na mtoto amenusurika kutolewa kwao bila sababu ya kutosha.

Kwa upande mwingine, mzazi anayepokea hati ya wito na kuamua kutofika, akitumaini shauri litakufa lenyewe, anajiumiza. Hakimu atasikiliza upande mmoja na kuamua. Wakili mmoja pia hawezi kumwakilisha mzazi na mtoto katika shauri moja, hata kama wanapendana, kwa kuwa siku ikifika maslahi yao yakaachana, atamsaliti mmoja wao.

Gharama ndiyo kikwazo cha kwanza kinachotajwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na ikawatambua wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria anaweza kueleza haki, kusaidia kuandaa maelezo na kumwelekeza mwananchi kwa wakili. Hawezi kusimama mahakamani badala ya wakili. Anayejitangaza kwamba atasimama, na kudai fedha kwa ajili hiyo, aripotiwe.

Kabla ya mahakama kuna hatua ya ngazi ya jamii, na hapo ndipo wakazi wa kata wana nafasi kubwa kuliko mawakili wote. Sheria ya Mtoto inamtwika kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa Serikali ya Mtaa au Kijiji. Afisa Ustawi wa Jamii anaweza kumwita mzazi, wakazungumza na kukubaliana, na mambo mengi huishia hapo bila hakimu kusikia. Wapo wanaosema mambo ya ukoo humalizwa na ukoo. Yapo yanayomalizwa vizuri. Yapo pia ambayo huitwa yamemalizwa kwa sababu mbuzi amechinjwa na wazee wamekula, wakati mtoto aliyedhuriwa bado analala chumba kilekile.

Anayetoa taarifa asijitwishe kazi ya upelelezi. Inatosha aseme alichokiona kwa macho yake, siku gani, na nani mwingine alikuwapo. Alichokisikia kwa watu akitaje kuwa amekisikia. Mwalimu aandike siku ambazo mtoto hakufika na sababu aliyopewa. Mhudumu wa afya ya jamii atunze kumbukumbu za uzito. Jirani aliyewapa watoto uji kwa wiki tatu akumbuke ilianza lini. Miezi sita baadaye, mbele ya hakimu, mambo madogo ya namna hiyo ndiyo yanayosimama, wakati maneno makali yaliyosemwa kwenye mkutano yamekwisha kusahauliwa. Taarifa ya uongo ya kumkomoa mgoni au mshindani wa kiwanja ni jambo jingine kabisa, na maswali ya wakili huifichua mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Taarifa zinapokelewa katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji, Mtaa au Kata, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kata, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga hakuna malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mzazi au ndugu aliyepokea hati ya wito afike ofisi ya Ustawi wa Jamii mapema kabla ya tarehe iliyoandikwa, akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, na aulize kuhusu msaada wa kisheria siku hiyohiyo. Bibi, babu, shangazi au mjomba aliye tayari kumpokea mtoto asisubiri kutafutwa. Afike aandikishe jina lake na mahali anapoishi, ili nyumba yake itembelewe kabla shauri halijasikilizwa.